Miaka arobaini katika kiti cha meya



Tarehe 11 Januari mwaka 2016, siku aliyotimiza umri wa miaka 73, Bwana Joseph Riley aliondoka katika ofisi ya meya wa mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Ofisi hiyo aliiingia Desemba 1975, akiwa kijana wa miaka 32. Hebu tupige hesabu. Alipoapishwa, Rais wa Marekani alikuwa Gerald Ford. Alipoondoka alikuwa Barack Obama, na katikati yao walikuwa wamepita marais wengine watano. Kwetu hapa, siku Bwana Riley anaanza kazi, Mwalimu Nyerere ndiye alikuwa Ikulu. Siku anamaliza, Tanzania ilikuwa na Rais wake wa tano.

Miaka arobaini. Mtoto aliyezaliwa siku meya huyo anaapishwa alikua, akasoma, akaoa, akapata watoto, na huyo meya bado yupo. Wala hakuwekwa pale na mtu. Kila baada ya miaka minne alisimama mbele ya wapiga kura, na mara kumi mfululizo walimchagua.

Katika mazungumzo ya leo ningependa tuitazame kazi ya mtu huyu, kwa sababu ndani yake mna swali linalomhusu kila anayeishi mjini, awe na nyumba yake au awe mpangaji wa chumba kimoja. Swali lenyewe ni hili: mji ukitengenezwa ukapendeza, nani anabaki kuishi ndani yake?

Kabla hatujafika mbali, inafaa tueleze meya wa Charleston ni mtu wa namna gani. Kwetu Tanzania, meya huchaguliwa na madiwani wenzake, naye huongoza vikao vya baraza. Kazi za kila siku za halmashauri ziko mikononi mwa mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Charleston ni tofauti. Meya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, naye ndiye mtendaji mkuu wa mji. Bajeti huandaliwa chini yake, na wakuu wa idara, polisi na zimamoto wakiwamo, wako chini yake. Barabara ikiwa na mashimo, ni meya. Takataka zisipozolewa, ni meya. Hana wa kumsukumia lawama. Kwa hiyo mtu akikaa miaka arobaini kwenye kiti kama hicho, mazuri ya mji ni yake, na mabaya yake ni yake pia.

Na Charleston si jiji kubwa. Mwaka 1975 lilikuwa na watu wasiofika 70,000. Bwana Riley alipoondoka walikuwa kama 130,000, idadi ambayo kwa mizani ya Dar es Salaam ni kata chache tu. Lakini ni mji wenye historia nzito. Sehemu yake ya zamani iko kwenye rasi, kati ya mito miwili inayoitwa Ashley na Cooper. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika Waafrika wote walioletwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani, karibu asilimia 40 walipitia bandari hiyo. Ni katika bandari hiyo hiyo, Aprili 1861, ambako mizinga ya kwanza ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilisikika, vita vilivyoumaliza utumwa.

Basi elewa, ndugu msikilizaji, huo ndio mji alioukuta kijana Riley, mwanasheria mwenye ngozi nyeupe, mzaliwa wa hapo hapo, aliyekuwa amekaa miaka michache katika bunge la jimbo. Mwaka 1969, miaka sita tu kabla hajachaguliwa, wafanyakazi weusi wa hospitali, wengi wao wanawake, waligoma kwa siku zipatazo mia moja wakidai kuheshimiwa na kulipwa kama binadamu. Askari wa jeshi la akiba waliletwa mitaani. Mjane wa Martin Luther King, Bibi Coretta, alikuja kuandamana pamoja na wagomaji. Mgomo ulikwisha, lakini weusi na weupe walibaki wakitazamana kwa macho ya pembeni.

Katika uchaguzi wa mwaka 1975 utaratibu wa kuchagua madiwani ulikuwa umebadilishwa, kila mtaa ukawa na diwani wake badala ya mji mzima kupiga kura kwa pamoja. Kwa utaratibu wa zamani, weupe kwa wingi wao waliweza kuvizima viti vya weusi. Kwa utaratibu mpya, nusu ya baraza ikawa ya weusi. Bwana Riley akaingia ofisini akiwa ameahidi jambo moja kubwa: kuwaleta weusi ndani ya serikali ya mji, si kwa kuwapa viti vya mapambo, bali kwa kuwapa kazi zenye mamlaka.

Ahadi hiyo, haki ya Mungu, aliitekeleza. Mwaka 1982 alimteua Bwana Reuben Greenberg kuwa mkuu wa polisi, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika cheo hicho mjini humo. Katika mji wa kusini mwa Marekani, ambako polisi ndiye aliyekuwa mkono wa ubaguzi, hilo halikuwa jambo dogo. Bwana Greenberg alikaa kwenye cheo hicho mpaka mwaka 2005. Baadhi ya weupe walichukizwa na mwenendo wa meya wao, wakambandika jina la kejeli la “Joe Mweusi Mdogo”. Meya hakujibu. Aliendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ipi? Mwaka 1975 katikati ya mji kulikuwa kumeanza kufa. Mtaa wa King, ambao zamani ulikuwa wa maduka, ulikuwa na vioo vilivyovunjika na milango iliyofungwa kwa mbao. Wenye magari walikuwa wamehamia vitongojini, na maduka yakawafuata. Meya akaja na mpango wa kujenga hoteli kubwa na maduka katikati kabisa ya mji, kwa msaada wa fedha za serikali kuu. Mpango ulitangazwa mwaka 1977. Wenyeji waliopenda majengo ya kale wakapiga kelele kwamba hoteli itakuwa ndefu mno na itauharibu mji. Wakaenda mahakamani. Urefu ukapunguzwa, ramani ikachorwa upya. Hoteli hiyo, Charleston Place, ilifunguliwa mwaka 1986, miaka tisa baadaye. Leo mtaa wa King ni miongoni mwa mitaa ya maduka inayojulikana Marekani nzima.

Au chukua ile bustani ya ufukweni. Kando ya mto Cooper palikuwa na kiwanja cha magati yaliyokufa, kilichojaa magugu na miti iliyooza. Kiwanja cha ufukweni, katikati ya mji! Msikilizaji, wewe na mimi tunajua kiwanja kama hicho kinavyowatoa watu udenda. Angepatikana mwenye fedha, angejenga majumba ya ghorofa na kuweka ukuta, na mto ungekuwa wake na wageni wake. Meya akasema hapana, ukingo wa maji ni wa wananchi wote. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kupata ardhi, fedha na michoro. Bustani ikafunguliwa mwaka 1990. Ina viti, miti, gati la kupungia upepo, na chemchemi yenye umbo la nanasi ambayo watoto huchezea maji yake wakati wa joto. Anayetoka jumba la kifahari na anayetoka chumba cha kupanga hukaa kwenye benchi moja.

Hapo ndipo ilipo siri ya mtu huyu. Aliamini kwamba maskini ana haki ya kitu kizuri. Tajiri anaweza kujinunulia uzuri wake ndani ya ua wake. Maskini uzuri wake ni ule wa mtaani: barabara yenye kivuli, benchi, ukingo wa mto, jengo la serikali lisilomtia aibu anapoingia. Kwa hiyo mambo hayo, ambayo mameya wengi huyaona anasa, yeye aliyaita haki. Mwaka 1986 alikuwa mwanzilishi wa chuo kidogo cha kuwafundisha mameya wa Marekani mambo ya usanifu wa miji, na tangu hapo zaidi ya mameya elfu moja wamepita humo.

Hata nyumba za maskini alizitazama kwa jicho hilo. Mtindo wa Marekani ulikuwa kuwarundika maskini katika majengo makubwa ya serikali, yanayofanana kama mabehewa, mahali pamoja. Mtu akikutajia anwani yake tu, umeshajua ni maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Charleston ilijenga nyumba zaidi ya mia moja za kupangisha watu wa kipato cha chini, lakini ikazitawanya katika mitaa mbalimbali, chache hapa, chache pale. Zilijengwa kwa mtindo wa nyumba za kale za mji huo, nyembamba, zenye baraza ndefu ubavuni. Mpita njia hakuweza kujua ipi ni ya maskini na ipi ni ya mwenye nacho. Mradi huo ukapata tuzo ya usanifu ya Rais wa Marekani.

Kisha ikaja siku ya kupimwa. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1989, kimbunga kilichopewa jina la Hugo kilitua pwani ya South Carolina, karibu kabisa na Charleston, na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kabla hakijafika, meya alikuwa ameonya na kusihi watu wahame sehemu za chini. Usiku wenyewe alikuwa katika jengo la halmashauri, na paa la jengo hilo likang'olewa sehemu. Asubuhi mji ulikuwa umelala chini: miti, nguzo za umeme, mapaa, mashua juu ya barabara. Watu wa Charleston waliokuwepo bado wanamkumbuka meya wa siku zile, akitembea mitaani, akisema redioni nini kinafanyika na nini bado. Kiongozi hupimwa siku ya mvua, wala si siku ya kukata utepe.

Mpaka hapa, ndugu msikilizaji, utaona ninamsifu tu. Na wapo wengi wanaoishia hapo. Bwana Riley amepewa nishani na Rais Obama, amekuwa kiongozi wa umoja wa mameya wa Marekani, na uwanja wa michezo wa mji una jina lake. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Charleston wageni walikuja kwa mamilioni. Je, mwenyeji alipona?

Sikiliza takwimu. Mwaka 1980 karibu nusu ya wakazi wa mji wa Charleston walikuwa weusi. Katika sensa ya mwaka 2010 walikuwa kama robo. Ni kweli kwamba sehemu ya badiliko hilo imetokana na meya kupanua mipaka ya mji. Aliingiza vitongoji vingi, vingi vyao vya weupe, mpaka eneo la mji likawa kama mara sita ya lile alilolikuta. Lakini hiyo haimalizi hesabu. Hata kwenye rasi yenyewe, kwenye mji wa zamani ambako mipaka haikusogea, weusi waliokuwa wengi mwaka 1980 walikuwa wachache mwaka 2010.

Hawakufukuzwa kwa mtutu wa bunduki. Sheria ya ubaguzi ilikuwa imekwisha kitambo. Walihamishwa na bei.

Mambo hayo huenda hivi. Mtaa unatengenezwa. Taa zinawekwa, bustani inafunguliwa, mtaa wa maduka unafufuka. Mwenye fedha kutoka New York au Ohio anakuja matembezi, anaupenda mji, anauliza nyumba ile inauzwaje. Anainunua, anaikarabati. Jirani yake mweusi, ambaye babu yake ndiye aliyejenga nyumba ya pili, anaona thamani ya nyumba yake imepanda kwenye vitabu vya serikali. Kodi inapanda, na bima inapanda. Mara nyingi nyumba ya babu haina hati kwa jina la mtu mmoja, ni ya warithi wote, wengine wako mbali kaskazini. Mrithi mmoja akishawishiwa kuuza fungu lake, kesi inafunguliwa, na nyumba nzima inapigwa mnada. Na aliyekuwa mpangaji ndiye mwepesi zaidi kung'oka: mwenye nyumba anamwambia tu mwezi ujao kodi ni mara mbili, au utupishe.

Na katika jimbo la South Carolina, sheria ya jimbo inakataza mji kuweka kikomo cha kodi ya pango. Kwa hiyo meya aliyeweza kuujenga mji hakuwa na kisu cha kukatia bei hizo, hata kama angetaka.

Lakini lipo lililokuwa mikononi mwa mji wenyewe. Karibu na mto Cooper palikuwa na nyumba za kupanga za serikali zilizoitwa Ansonborough Homes, zilizokaliwa na familia za weusi. Kimbunga Hugo kiliziharibu. Kisha ikaonekana kwamba udongo wa pale una sumu ya lami, iliyobaki kutoka kiwanda cha zamani cha gesi ya makaa ya mawe. Familia zikahamishwa, nyumba zikabomolewa, na hazikujengwa tena pale. Sumu ilikuwepo kweli, hilo halibishwi. Lakini udongo wa mjini husafishwa pale penye nia na fedha, na upande ule ule wa mji, mwaka 2000, lilifunguliwa jumba kubwa la maonyesho ya samaki linalovutia watalii. Waliokuwa wakiishi karibu na mto wakawa wanausikia kwenye hadithi. Zile nyumba mia na ushee zilizotawanywa mitaani, pamoja na tuzo yake, zilikuwa tone katika ndoo ya mahitaji.

Kadhalika kukaa sana madarakani kuna ugonjwa wake. Tarehe 18 Juni 2007 duka la samani liliwaka moto mjini Charleston. Askari wa zimamoto tisa waliingia na hawakutoka. Kwanza meya aliitetea idara yake. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba mbinu zilikuwa za kizamani, mafunzo hayakutosha, na amri ndani ya moto zilikuwa za vurugu. Mwaka uliofuata mkuu wa zimamoto aliachia ngazi, na idara ikajengwa upya. Somo la msiba ule ni chungu. Kiongozi akikaa muda mrefu na watu wale wale, mazoea hugeuka kuwa sheria, na anayeuliza kwa nini huonekana mkorofi. Katika miaka kumi ya kwanza huenda Bwana Riley ndiye angekuwa wa kwanza kuuliza.

Mwaka 1994 alijaribu kupanda. Aligombea uteuzi wa chama chake kuwania ugavana wa jimbo, akashindwa katika duru ya marudio. Wengine baada ya hapo hununa, au huenda kutafuta fedha. Yeye alirudi kwenye mji wake. Na Aprili 2000, akiwa na miaka 57, alivaa viatu vya kutembelea na kuongoza matembezi ya siku tano kutoka Charleston hadi makao makuu ya jimbo, Columbia, mwendo wa kilomita zipatazo 190. Alikuwa anadai kushushwa kwa bendera ya waasi wa zamani, wale waliopigana kuulinda utumwa, iliyokuwa ikipepea juu ya kuba la bunge la jimbo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka huo bendera ilitolewa kwenye kuba, lakini ikasimamishwa mbele ya jengo hilo hilo. Weusi wengi walisema, mmetuondolea mwiba mguuni mkatuchoma mkononi.

Ilibaki pale miaka kumi na tano. Jioni ya tarehe 17 Juni 2015, kijana mweupe mwenye miaka 21 aliingia katika kanisa la Emanuel la Charleston, moja ya makanisa ya kale kabisa ya weusi kusini mwa Marekani. Waumini walikuwa wanasoma Biblia, wakamkaribisha. Akakaa nao karibu saa nzima. Kisha akatoa bastola na kuua watu tisa, akiwamo mchungaji wao Clementa Pinckney, ambaye alikuwa pia seneta wa jimbo. Siku mbili baadaye ndugu wa marehemu walisimama mahakamani, na baadhi yao wakamwambia muuaji huyo kwamba wamemsamehe. Rais Obama alikuja kumzika mchungaji. Tarehe 10 Julai, bendera ile ilishushwa.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya meya. Miaka arobaini ya kuwaunganisha weusi na weupe, na kijana mmoja kutoka nje ya mji akaichagua Charleston kwa sababu ya historia yake. Dunia ilitazamia moto na fujo mitaani. Mji haukuwaka. Watu weusi na weupe kwa maelfu walishikana mikono juu ya daraja la mto Cooper. Sisemi kwamba ni kazi ya meya peke yake. Sifa ya kwanza ni ya wafiwa wale. Lakini nadhani tunaweza kusema kwamba mbegu ya mwaka 1975 haikuanguka yote juu ya mwamba.

Liko jambo moja la mwisho. Januari 2000, katika hotuba yake ya kuanza kipindi kipya, Bwana Riley alitamka kwamba Charleston lazima ijenge jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi. Alikuwa amesoma kitabu cha mwandishi mmoja mweupe aliyeeleza jinsi ukoo wake ulivyomiliki watumwa, na kitabu kile kilimkosesha usingizi. Watu walipiga makofi. Kisha miaka ikapita. Fedha hazikutosha, kiwanja kikabadilishwa, uchumi ukaanguka, bunge la jimbo likasitasita. Aliondoka madarakani msingi haujachimbwa. Hakuacha. Akiwa raia wa kawaida aliendelea kubisha hodi kwa wenye fedha, mpaka zikapatikana, za mji na wilaya, za jimbo na za watu binafsi. Jumba lilifunguliwa tarehe 27 Juni 2023. Aliyetamka neno mwaka 2000 alikuwa sasa na miaka 80.

Limejengwa mahali palipokuwa gati la Gadsden, ambako maelfu ya Waafrika walishushwa katika miaka ya mwisho kabla biashara ya kuingiza watumwa haijapigwa marufuku mwaka 1808. Jumba limeinuliwa juu ya nguzo ili ardhi yenyewe isikanyagwe na jengo. Chini, kando ya maji, sakafuni, yamechorwa maumbo ya watu waliolazwa wakibanana, kama walivyolazwa ndani ya merikebu. Maji hupanda juu yao na kushuka.

Ni kazi njema. Lakini hapo hapo ndipo swali letu linapotuuma, msikilizaji. Wajukuu wa watu walioshushwa kwenye gati lile wamejengewa jumba la kukumbukwa katika mji ambao wengi wao hawamudu tena kupanga chumba. Kumbukumbu yao imepata mahali pazuri kabisa kwenye rasi. Wenyewe wako ng'ambo ya mito, wanaamka alfajiri kuja kutandika vitanda vya hoteli.

Je, tumhukumu vipi mtu wa miaka arobaini? Mimi nasema hivi. Tumsifu kwa yale ambayo muda ndio uliyawezesha. Bustani ya zaidi ya miaka kumi, hoteli ya miaka tisa, makumbusho ya miaka ishirini na mitatu: hayo hayafanywi na kiongozi anayehesabu siku za uchaguzi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kuunda kunataka subira. Lakini huo muda alipewa na wapiga kura, kidogo kidogo, minne minne, nao walikuwa na uwezo wa kumnyima. Huko ndiko kukaa kunakofaa. Kukaa kwa kung'ang'ania ni jambo jingine.

Na tumdai kwa yale ambayo muda ungeweza kuyafanya na haukuyafanya. Aliyeweza kungoja miaka kumi ili ukingo wa mto ubaki wa wananchi, angeweza kuanza mapema, wakati viwanja vya rasi vikiwa bado rahisi, kuvinunua kwa ajili ya nyumba za wenyeji, si mia moja bali maelfu. Bei ilipokwisha kupanda, tajiri naye alikwisha fika. Nyumba za wanyonge hujengwa kabla ya bustani, au pamoja nayo. Baada ya bustani, mji umechelewa.

Sisi tulio katika miji inayokua tunalijua jambo hili hata bila kwenda Marekani. Lami ikipita mtaani kwako, kodi ya pango hupanda kabla hata vumbi la ujenzi halijatua. Tunashangilia lami, na tuna haki ya kushangilia. Lakini siku diwani au meya anapokuja kukata utepe, mwananchi mwenye busara na aulize swali moja la ziada: hawa wanaopiga makofi leo, baada ya miaka kumi watakuwa wanaishi wapi?

Anayeweza kulijibu swali hilo, na akaonyesha viwanja na fedha, huyo mpeni hata miaka arobaini.